Daktari Aliyefutwa na Sinema

Baba mdogo aliitazama The Last King of Scotland kwa mara ya kwanza Desemba iliyopita, miaka mingi baada ya watu kumaliza kuizungumzia. Niliibeba kwenye flashi kutoka Dar es Salaam, nikaichomeka kwenye televisheni yake pale nyumbani Bukoba, mama mdogo akatuletea bakuli la senene, tukaketi. Baba mdogo ni mmoja wa mgambo walioitwa mwishoni mwa 1978 kwenye vita na Uganda ya Idi Amin, wakavuka mpaka wa Mutukula mwaka uliofuata na kutembea kwa miguu hadi Masaka. Mtu wa aina hiyo humwekei sinema ya Idi Amin kabla hujajua dawa zake za presha zimewekwa wapi.

Haikuchukua muda tukafika kwenye tukio la ng'ombe. Gari la Amin limegonga ng'ombe barabarani, Amin ameumia mkono, na daktari kijana wa Kiskoti aitwaye Nicholas Garrigan ameitwa amfunge bandeji. Ng'ombe analia kwa maumivu, anazidi kulia. Daktari anashindwa kuvumilia, ananyakua bastola ya Amin mwenyewe na kummaliza yule mnyama. Askari wanashtuka. Amin naye anashtuka, kisha anapendezwa. Akigundua kijana ni Mskoti, wanabadilishana mashati: daktari anavaa gwanda la jenerali, jenerali anapata fulana ya Scotland. Urafiki umezaliwa, na sinema imeanza kweli.

"Ng'ombe wa nani huyo?" baba mdogo akauliza.

Nikasema sijui.

"Ng'ombe hakosi mwenyewe. Sasa mwenyewe kalipwa nini?"

Nikacheka, nikamwambia asihangaike, tukio lenyewe halikutokea. Hata huyo daktari hakuwepo.

"Hakuwepo siku hiyo au hakuwepo kabisa?"

"Kabisa, baba. Wamemtunga."

Akasitisha kutafuna. Sitalisahau lile jicho alilonitupia, la mtu aliyeuziwa shati akakuta halina mgongo.

Garrigan alitoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya 1998, na filamu ikafuata mwaka 2006. Wapo wanaoona kivuli cha Bob Astles ndani yake, yule Mwingereza aliyekuwa karibu na Amin kwa miaka kadhaa, lakini Astles hakuwa daktari wala hakuwa kijana mzuri wa sura aliyetoka chuoni juzi. Mapinduzi ya Januari 1971 ni ya kweli. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, kwa amri iliyowapa siku 90, ni kweli. Ndege ya Air France iliyotekwa na kutua Entebbe mwaka 1976 ni kweli. Katikati ya kweli hizo anatembea mtu ambaye hakuzaliwa, na yeye ndiye tunayeshika mkono wake tangu mwanzo hadi mwisho.

Watu wengi wakitoka kwenye filamu ya maisha ya mtu huuliza swali moja: ni ya kweli kwa kiasi gani? Nimewahi kulijibu swali hilo kwa asilimia, kama mwalimu anayesahihisha mtihani, na najuta. Siku hizi naona swali la baba mdogo ni bora zaidi. Mwongozaji akibadilisha jambo, kuna mtu linamgharimu. Ni nani, na amelipwa nini?

Kwanza niseme alichokifurahia, maana alifurahia. Forest Whitaker alikwenda Uganda kabla ya kupiga picha, akajifunza Kiswahili na kupiga kodiani, akaongea na watu waliomjua Amin. Baba mdogo hana habari na hayo yote, wala hana habari kwamba kazi hiyo ilimpa Whitaker tuzo ya Oscar mwaka 2007. Yeye alimsikia Amin mwenyewe kwenye redio, miaka ile Radio Uganda ilipokuwa ikisikika Bukoba kuliko redio ya Dar es Salaam. Whitaker alipocheka, kile kicheko kinachoanza kama cha mtoto na kuishia pabaya, baba mdogo alisogeza kiti mbele. "Huyo ndiye," alisema. "Hivyo ndivyo alivyokuwa anacheka, halafu asubuhi unasikia fulani hayupo."

Alikuwa na maoni hata kuhusu Kiswahili. Amin alijiunga na jeshi la Kiingereza, King's African Rifles, mwaka 1946, na Kiswahili chake kilikuwa cha keya: kifupi, cha amri, hakijui ngeli wala hakizitafuti. Mwaka 1973 ndiye aliyetoa amri ya kukifanya Kiswahili lugha ya taifa la Uganda, jambo ambalo sisi wapenzi wa lugha tunalitaja kwa sauti ya chini. Whitaker hakuiva kwenye Kiswahili, lakini baba mdogo alimpa alama za juu kwa sababu hiyohiyo. Angekisema vizuri zaidi, alidai, angeharibu.

Hapo kuna jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hulisahau. Tunazungumza kana kwamba ukweli na raha vinavutana, ukiongeza kimoja kingine kinapungua, na mwanahistoria anakuja kuzima muziki watu wakiwa katikati ya kucheza. Ukimtazama mtu anayeijua habari akiangalia sinema, utaona raha yake kubwa inatoka penye usahihi: kicheko, lafudhi, namna ya kushika kofia. Raha ya kumtambua mtu haina mfano.

Amin alikwishaigizwa zamani. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulianza na ile ya 1981, Rise and Fall of Idi Amin, ya Sharad Patel wa Kenya. Aliyemcheza Amin alikuwa Joseph Olita, Mkenya, na alifanana naye kiasi kwamba watoto tuliamini ni mwenyewe amekubali kulipwa. Miaka kumi baadaye Mira Nair alimchukua tena acheze Amin kwenye Mississippi Masala. Sinema ya Patel ni ya damu na vitisho. Amin anaonekana akila nyama ya mtu, uvumi ambao haukuwahi kuthibitishwa. Lakini ndani ya sinema hiyohiyo yumo Denis Hills, mhadhiri Mwingereza ambaye mwaka 1975 alihukumiwa kifo na serikali ya Amin kwa aliyoyaandika, akaja kuokolewa baada ya London kuomba. Hills anajicheza mwenyewe. Mtu halisi aliyeponea kifo kwelikweli amesimama futi chache kutoka kwa uvumi wa kula watu, na kamera haikuonyeshi mpaka uko wapi.

Msomaji ataniambia basi tutazame filamu za hali halisi. Ipo moja ya Amin, ya mwongozaji Barbet Schroeder, ya mwaka 1974. Amin alikubali kupigwa picha, na akajiongoza mwenyewe. Aliwapangia askari wake mazoezi ya kuiteka Milima ya Golan iliyokuwa mikononi mwa Waisraeli, huku kamera ikizunguka. Alipiga kodiani, na muziki wake umo. Filamu ilipotoka Ulaya akasikia kuna vipande watu wanavicheka, akataka vikatwe. Schroeder akakataa. Amin akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, wakawekwa hotelini Kampala na askari wakaizingira, wakapewa namba ya simu ya Schroeder wampigie wao wenyewe. Dakika mbili na nusu zikakatwa, zikarudishwa baada ya Amin kuanguka. Hiyo ndiyo filamu isiyo na mwigizaji hata mmoja.

Sasa nirudi kwa yule daktari, maana ndipo shingo iliponikaa vibaya.

Katika The Last King of Scotland, Garrigan anaingia kwenye mapenzi na Kay, mmoja wa wake wa Amin, anayechezwa na Kerry Washington. Kay anapata mimba yake. Anahangaika kuitoa, mume anagundua, na baadaye Garrigan anaikuta maiti yake imekatwakatwa, viungo vimeshonwa kinyume, mikono penye miguu na miguu penye mikono. Ni picha ambayo ukiiona mara moja hulali vizuri. Mama mdogo aliinuka akaenda kuangalia kama mlango wa banda la kuku umefungwa, na hakurudi.

Kay Adroa aliishi. Machi 1974 Amin alitangaza redioni kuwataliki wake watatu kwa mpigo, Malyamu, Nora na Kay. Agosti mwaka huohuo maiti ya Kay ilipatikana imekatwa vipande ndani ya buti ya gari la daktari Mganda, Peter Mbalu Mukasa. Daktari huyo naye alikufa baada ya kumeza dawa za kujiua. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya na ambaye mwaka 1977 alikimbia na kuandika kitabu, aliamini kuwa Kay alifia mikononi mwa daktari huyo, mpenzi wake, katika jaribio la kutoa mimba. Wapo ambao mpaka leo wanamnyooshea kidole Amin. Kwa maelezo ya Kyemba, Amin aliagiza viungo vishonwe pamoja, kisha watoto wa Kay wakaletwa kumwona mama yao.

Linganisha. Tukio la kweli lina watu wawili walionaswa, wote Waganda, mmoja daktari. Sinema imeuchukua upendo wao, hofu yao na kifo chao, ikavikabidhi kwa kijana wa Kiskoti. Mbalu Mukasa ameondolewa. Tena hakufanywa mbaya, jambo ambalo ndugu zake wangeweza kulibishia. Amefutwa tu, na nafasi yake imekaliwa. Na kwa kuwa Garrigan ni wetu, tumetembea naye tangu kwenye ng'ombe, kifo cha Kay kinageuka kuwa jambo lililompata Garrigan.

Najua utetezi, na si wa kupuuza. Filamu ina saa mbili. Mtazamaji wa Glasgow au Chicago anahitaji mtu wa kuingia naye Uganda kama mgeni, aone anavyoona, avutwe na ucheshi wa Amin kabla hajauona ukatili. Hilo kwa kweli ndilo jambo ambalo filamu hii imeliweza kuliko zote: inakufanya umpende Amin kwa saa nzima, uone aibu baadaye. Kevin Macdonald, mwongozaji wake, alitoka kwenye filamu za hali halisi na alijua anachofanya. Sibishi kuwepo kwa Garrigan, ninabisha tu kupewa kwake maiti isiyokuwa yake.

Kuna sababu nyingine ya kuwageuza wafu hivi ambayo haisemwi sana kwenye mabango. Kwa sheria za Uingereza na Marekani, marehemu hawezi kukashifiwa. Wanasheria wakiupitia muswada wa filamu wanaweka alama palipotajwa walio hai. Waliokufa ni shamba lisilo na uzio.

Kuongeza chumvi si kosa. Hakuna watu duniani wanaolijua hilo kuliko watazamaji wa huku kwetu, tuliozitazama sinema za nje kupitia midomo ya watafsiri. Tanzania tulikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro: unaangalia pambano la watu wasiojua hata Afrika iko upande gani, na sauti ya mtafsiri inakwambia yule mwenye kipara anadaiwa kodi ya nyumba ndiyo maana ana hasira. Banda zima linaanguka kicheko. Hakuna hata mmoja aliyetoka pale akiamini habari ya kodi. Mtazamaji anayeitwa mjinga na wakosoaji ni hodari wa kuitenga chumvi na samaki, alimradi ajue samaki ni yupi.

Ndiyo maana namheshimu Ebrahim Hussein. Tamthilia yake ya Kinjeketile, ya 1969, inamhusu mtu aliyekuwepo: Kinjeketile wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikianza. Hussein alimpa mtu huyo mashaka, usiku wa kujiuliza kuhusu neno alilolitamka mwenyewe, mambo ambayo hakuna hati ya Kijerumani iliyoyaandika wala mzee wa Rufiji aliyeyashuhudia. Lakini kwenye utangulizi alimwambia msomaji waziwazi kwamba huyu wa kwenye kitabu ni zao la ubunifu, anafanana na yule wa historia ila si yeye. Alisema mapema, kisha akaandika kwa uhuru kamili, na vizazi vya wanafunzi vimeipenda tamthilia hiyo bila kudanganywa. Sinema huandika mwanzoni kuwa imetokana na matukio ya kweli, maneno yanayomfungia mtazamaji mlango wa shaka badala ya kuufungua.

Jina moja nililikuta kwenye karatasi za filamu mbili tofauti kabisa. Peter Morgan ni mmoja wa waandishi wa muswada wa The Last King of Scotland. Miaka 12 baadaye jina lake likaonekana, pamoja na la Anthony McCarten, kwenye hadithi ya Bohemian Rhapsody, sinema ya Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Nayo ikampa mwigizaji wake, Rami Malek, Oscar mwaka 2019. Na huyu Freddie, wasomaji wa Zanzibar wanalijua hili kuliko mimi, ni Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa hospitalini mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946, baba yake akiwa karani wa fedha katika serikali ya Waingereza. Familia iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Shangani sasa kuna makumbusho yake, watalii wanapiga picha mlangoni.

Filamu inamkuta akipakua mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Zanzibar inatajwa na kupita. Sikulalamika sana kwa hilo, hadithi lazima ianze mahali. Wala sijali kwamba nyimbo zimechanganywa miaka, wimbo wa 1978 ukipigwa kwenye ziara ya 1974. Mwenye kujali hayo ana haki yake, ila ni kama kugombania kitunguu kilichozidi kwenye pilau.

Na pilau lenyewe ni tamu. Dakika za mwisho za filamu ni onyesho la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, mbele ya watu wapatao 72,000. Walilirudia jukwaa lile kwa uangalifu wa fundi saa: nafasi ya maikrofoni, mkanda wa mkononi, hata vikombe vya Pepsi juu ya piano. Malek aliwekewa meno ya bandia na kufundishwa kila mzunguko wa bega. Sauti unayoisikia kwenye filamu ni mchanganyiko wa Freddie mwenyewe, Malek, na mwimbaji wa Kanada Marc Martel. Ukiweka video ya kweli pembeni ya sinema, macho yanahama huku na huku yasijue yashike ipi. Nimeitazama hiyo sehemu mara nyingi kuliko inavyostahili mtu wa umri wangu kukiri.

Lakini ili Live Aid iwe kilele, filamu ilihitaji shimo la kupandia. Kwa hiyo ikasema kundi lilikuwa limevunjika kwa sababu Freddie alisaini mkataba wa peke yake kwa tamaa ya pesa, akapotelea kwenye starehe, akarudi kuomba radhi. Kisha, katika mazoezi kabla ya onyesho, anawaambia wenzake kuwa ana UKIMWI.

Queen hawakuvunjika. Januari 1985 walipiga Rio de Janeiro, na Mei mwaka huohuo walikuwa Japani, wiki chache tu kabla ya Wembley. Albamu ya kwanza ya mtu mmoja mmoja kutoka kundi hilo haikuwa ya Freddie. Roger Taylor, mpiga ngoma, alitoa yake mwaka 1981, akatoa nyingine 1984. Ya Freddie ikaja 1985. Na kuhusu ugonjwa, kwa maelezo ya Jim Hutton, mwenzi wake wa miaka ya mwisho, majibu ya vipimo yalikuja mwaka 1987. Siku ya Live Aid hakuwa na siri ya kuwaambia.

Hapa uliza swali la ng'ombe. Taylor na mwenzake wa kundini Brian May walikuwa washauri wa filamu, na meneja wao Jim Beach alikuwa mmoja wa watayarishaji, kwani bila wao nyimbo zisingepatikana na bila nyimbo hakuna sinema. Kwenye kioo, walio hai wanaonekana watu wenye busara, wanarudi nyumbani mapema kwa wake zao. Aliyekufa mwaka 1991 amebeba mzigo wa usaliti ambao rafiki yake alitangulia kuufanya, kama kweli kutoa albamu yako ni usaliti. Na ugonjwa umevutwa miaka miwili nyuma, ukawekwa mara tu baada ya starehe, ili mtazamaji mwenyewe aunganishe. Mimi ninayetoka kwenye mkoa ulioonja UKIMWI mapema kuliko mikoa yote ya Tanzania, nikazika shangazi na binamu huku majirani wakihesabu dhambi zao kwa vidole, siwezi kuiona hiyo kuwa ni kubana muda tu. Nililia kwenye Live Aid kama wengine wote. Nilipojua, nilikasirika kwa kuwa machozi yangu yalipatikana kwa njia hiyo.

Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 900 duniani. Malipo yake yalikuwa makubwa kweli, kwa waliokuwepo kupokea.

Wakati mwingine tatizo si uongo, na bado mtu kalipishwa. The First Grader ya 2010 inamhusu Kimani Maruge, mpigania uhuru wa Mau Mau aliyejiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84, kaptura na soksi ndefu za sare, akaketi na vitukuu vya watu. Oliver Litondo alimcheza kwa namna ambayo unataka kumwamkia kila akiingia chumbani. Mwaka 2005 Maruge wa kweli alikwenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa kuhusu elimu, na hadithi ya sinema inakaa ndani ya mwanga huo. Haifiki kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo mzee huyo alipoteza mali zake na kuishi kwenye hema la wakimbizi wa ndani, akiendelea kwenda shule. Alifariki Nairobi mwaka 2009. Ningeomba nione hema lile. Mzee anatoka asubuhi kwenye kambi akiwa na daftari: mwandishi gani wa sinema anaiacha picha hiyo?

Kwa upande mwingine, Queen of Katwe ya Mira Nair, ya 2016, kuhusu msichana mcheza sataranji Phiona Mutesi, inamaliza kwa jambo dogo ambalo limenifanya niisamehe utamu wake wote. Majina yanapoanza kupita, kila mwigizaji anasimama na mtu aliyemwigiza. Lupita Nyong'o na Harriet wa kweli, mama wa msichana huyo. David Oyelowo na kocha Robert Katende. Madina Nalwanga na Phiona Mutesi, wasichana wawili wa Kampala. Wanatazamana, wanacheka kwa aibu. Unalinganisha urefu, pua, mkao. Ni sekunde chache tu kwa kila mmoja.

Bukoba, sinema yetu iliisha na Garrigan akipanda ndege ya mateka walioachiwa Entebbe, kifua chake kimejaa majeraha. Maandishi yakaja yakisema yaliyofuata. Baba mdogo akasubiri, halafu akanigeukia.

"Vita viko wapi?"

"Imeishia 1976, baba. Vita ni 1978."

"Nilitembea mpaka Masaka," akasema, "nikaota malengelenge ya ukubwa wa yai, halafu wameniweka kwenye maandishi." Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta senene wa mwisho kwenye bakuli. Baadaye kidogo akauliza yule daktari wa kweli, mwenye mwanamke, aliitwa nani.

"Mbalu Mukasa."

Akalirudia jina mara mbili, polepole, kama mtu anayeandika. Kisha akaniambia nirudishe nyuma, mwanzoni kabisa, pale Amin anapohutubia wanakijiji na kuanza kucheza ngoma. Alitaka kumsikia akicheka tena kabla ya kulala.